Kabla ya Kununua Gari la Umeme, Hesabu Kwanza Saa za Umeme Wako

(Maneno niliyosema Jumapili alasiri mbele ya wanachama wa likelemba yetu, kikundi cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, katika ukumbi wa parokia, Kampemba, Lubumbashi. Wengi walikosa kwa sababu ya mvua, wakaniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)

Mama Prezida, papa katibu, wazee, ba mama, vijana mliosimama kule mlangoni, jambo yenu. Aksanti sana kwa kunipa nafasi.

Mmeona wenyewe. Nimesimama, nimeshika maikrofoni, na kabla sijasema hata jina langu umeme umeondoka. Sasa tunasikiliza grupu, ile jenereta ya parokia, ikikohoa huko nje. Nilikuwa nimejiandaa kuanza kwa maneno mengine, lakini hotuba imeshaanzishwa na kazi imerahisishwa. Naomba muendelee kuusikia mlio huo wakati ninapozungumza, kwa sababu tutaurudia.

Nimeitwa kwa sababu watatu kati yetu zamu yao ya likelemba imefika, na wote watatu wanataka gari la umeme. Wanaonyeshwa picha kwenye simu na makomisyonere, wale madalali wa magari. Gari linang'aa, ndani kuna skrini kubwa kama televisheni, na chini yake imeandikwa: "Halinywi esansi," yaani petroli. Kila mmoja wao ameniuliza swali lile lile: papa, wewe ni fundi wa umeme, umefanya kazi mgodini miaka mingi, sasa una garaji, lipi zuri, la Kijapani au la Kichina?

Ni swali zuri. Lakini ni swali la nne. Kuna matatu yanayolitangulia, na mtu anayerukia la nne ndiye ninayemwona baadaye garajini akiwa ameshika kichwa.

Tena tusidhani jambo hili ni uchawi mpya wa Wachina. Mwaka 1899 Mbelgiji mmoja aitwaye Camille Jenatzy alipanda gari la umeme lenye umbo la risasi, karibu na Paris, akaenda kilometa 105 kwa saa na zaidi kidogo. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kuvuka kilometa 100 kwa saa akiwa ndani ya gari. Mwaka 1899! Mji wetu huu ulikuwa bado haujazaliwa, ulikuja 1910. Gari lake aliliita La Jamais Contente, yaani mwanamke asiyeridhika kamwe. Wenye wake wasicheke sana.

Basi, swali la kwanza. Gari hilo litalala wapi?

Siulizi kama una geti. Nauliza: ukutani pa nyumba yako kuna nini? Umeme wako unakuja saa ngapi, unakaa saa ngapi, na ukija unakuja na nguvu gani?

Nina jirani, mtu mzima, mstaarabu, anakaa Bel-Air. Alinunua Nissan Leaf iliyotoka Japani, ikapita Dar es Salaam, ikapita Zambia, ikavuka mpaka wa Kasumbalesa, ikafika salama. Jioni ile familia nzima ikatoka nje. Watoto, shangazi, hata majirani. Papa akachomeka waya kwenye prizi ya ukutani, akachomeka upande wa pili kwenye pua ya gari. Kile kisanduku cha katikati ya waya kikawasha taa nyekundu. Akachomoa, akachomeka. Nyekundu. Akajaribu prizi ya sebuleni, ya jikoni, ya chumba cha watoto, waya umepitishwa dirishani. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Saa nne ya usiku akanipigia: "Ndugu, wameniuzia gari bovu."

Gari halikuwa bovu. Nyumba ndiyo iliyokuwa haina tere. Ile waya ya kijani na njano inayoshuka mpaka kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini. Friji haiulizi tere, televisheni haiulizi, redio haiulizi. Gari la umeme linauliza, na lisipoipata linakataa kula. Linafanya vizuri kukataa, maana bila tere, hitilafu ikitokea, mlango wa gari ndio utakaokutafuta. Wangapi hapa wana uhakika kwamba nyumba zao zina tere? Inueni mikono. (Mikono ilikuwa minne. Mmoja aliushusha.)

Tukachimba, tukapigilia chuma, tukamwaga maji, tukapima. Usiku uliofuata taa ikawa ya kijani. Watu wakapiga makofi. Siku ya tatu akanipigia tena: kuna harufu. Nikaenda. Mama watoto ndiye aliyeisikia kwanza, akadhani ni sufuria ya plastiki. Ile prizi ilikuwa imegeuka rangi ya kahawia, imevimba upande mmoja kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na tundu moja limeyeyuka likaukumbatia mguu wa plagi. Ukiivuta, inakuja na ukuta. Kwa nini? Kwa sababu prizi ile ilizoea pasi ya dakika ishirini. Sasa inavutwa ampea kumi, saa kumi mfululizo, usiku baada ya usiku. Prizi ya sokoni haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Gari linahitaji waya wake lenyewe, mnene, unaotoka moja kwa moja kwenye kontera, yaani mita ya umeme, na disjonkteri yake lenyewe, ile swichi inayojikata hatari ikitokea. Ongeza gharama hiyo kwenye bei ya gari tangu leo. Usiihesabu baadaye.

Sasa tufanye hesabu, na hapa naomba utulivu, kwa sababu hesabu hii haitaonekana kwenye picha za komisyonere.

Volti 220 mara ampea 10 ni wati 2,200. Usiku mmoja wa saa nane wenye umeme mzuri unakupa kilowati-saa 17 na kitu. Nyingine zinapotea njiani kwa joto, gari linapata kama 15. Gari dogo la umeme linakula kilowati-saa 15 hadi 18 kwa kilometa 100. Kwa hiyo usiku mzima wa umeme mzuri ni kilometa 90 hivi. Si haba! Mtu wa kwenda kazini mjini, kupeleka watoto shuleni, kupita sokoni na kurudi, kilometa 90 kwa siku hazimalizi.

Lakini umeme ukikaa saa nne tu? Kilometa 45. Na ukija ule umeme wa jioni, kila nyumba imewasha rusho, jiko la umeme, balbu zimekuwa nyekundu kama jicho la mlevi, nikipima napata volti 160? Hata hizo 45 huzipati, na magari mengine yanakataa kabisa umeme dhaifu namna hiyo.

Unaambiwa gari hili lina betri ya kilowati-saa 60, lile 40. Unachagua 60 kwa sababu ni kubwa. Papa, kama nyumbani kwako unapata saa nne, umenunua pipa la lita mia mbili na bomba lako linadondosha. Hesabu saa za umeme wako. Chukua daftari, mwezi mmoja, kila siku andika: umekuja saa fulani, umeondoka saa fulani. Daftari hilo ni muhimu kuliko katalogi yoyote ya gari.

Kuna aliyeniambia, "Lakini nina grupu." Haya, isikilizeni ile ya nje. Grupu kubwa ya mazutu, yaani dizeli, inatoa kama kilowati-saa tatu kwa lita moja. Ndogo ya esansi, zile za kubeba kwa mkono, inatoa kama mbili, mara nyingi chini yake. Ili uende kilometa 100 unahitaji kuvuta kama kilowati-saa 18 ukutani. Hiyo ni lita sita za mazutu, au tisa za esansi. Tisa! Toyota yako ya zamani ilikuwa inakunywa ngapi? Umeuza gari la esansi ili ununue gari la esansi lenye kelele nyuma ya nyumba.

Jua ni jambo lingine, na mimi jua naliamini. Hapa kwetu kiangazi anga ni safi miezi na miezi. Panele sita za wati 500 zinaweza kukupa kilowati-saa 12 hadi 15 kwa siku nzuri, karibu kilometa 70 za bure. Tatizo lake dogo mnalijua: jua linawaka mchana, na mchana gari liko kazini. Mama mwenye duka nyumbani, gari linasinzia uani mpaka saa kumi, huyo jua linamfaa. Mwalimu anayeondoka saa kumi na mbili asubuhi anahitaji betri za nyumbani za kuhifadhi, na hizo ni pesa nyingine kubwa.

Inauma, najua. Sisi watu wa Katanga tuna laini ya umeme inayotoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kama kilometa 1,700, nyaya zinapita juu ya vijiji vilivyo gizani. Bwawa letu la Mwadingusha linazungusha mitambo tangu 1930. Lakini leo sikuja kulalamika, nimekuja kuhesabu.

Swali la pili. Unakwenda wapi?

Kuna neno moja wauzaji wanalipenda: "Likijaa linakwenda kilometa 400." Muulize mara moja tu: 400 za nani?

Mnashangaa? Chukueni Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 40, ile iliyotoka mwisho wa 2017. Kwenye karatasi ya Japani, kwa kipimo chao cha wakati ule, iliandikwa kilometa 400. Kwenye karatasi ya Ulaya, gari lile lile, betri ile ile, kilometa 270. Ilipofika Marekani wakaandika maili 151, ndiyo kilometa 243. Gari moja! Wajapani walilipima polepole, kama mtu anayebeba mayai. Wamarekani walilipima kama mtu aliyechelewa. Na sisi tunaendesha kama nani?

Wachina nao wana kipimo chao, kikarimu kuliko cha Ulaya. BYD ile inayoitwa Yuan Plus kwao na Atto 3 nje, yenye betri ya kilowati-saa 60, kwao inasemwa kilometa 510, Ulaya 420. Kwa hiyo mtu akiweka karatasi ya Kichina kando ya karatasi ya Kimarekani akasema hili linashinda lile, hajalinganisha magari, amelinganisha karatasi. Linganisha kipimo kimoja kwa kimoja. Mimi natumia cha Marekani kikiwepo, cha Ulaya kisipokuwepo, na cha Japani na China nakiacha kwa makomisyonere.

Halafu nakipunguza. Betri imezeeka kiasi gani? Kama imebaki asilimia 85, ile 243 inakuwa 206. Tena naacha moja ya tano isiguswe, kwa ajili ya mvua, foleni, abiria watano na magunia ya unga nyuma. Zinabaki 165. Hizo ndizo kilometa zako. Kipushi kwenda na kurudi, kama 60, unaimba njia nzima. Likasi, kama 120, unafika. Kurudi siku hiyo hiyo bila kuchaji, hufiki. Kasumbalesa kwenda na kurudi ni karibu 190, usijaribu. Kolwezi, zaidi ya 300, panda basi.

Na zile Leaf za kwanza kabisa, za betri ya 24, ndizo zinazotembezwa sana kwa sababu ni za bei ndogo. Japani waliziandikia kilometa 200. Marekani, 117. Sasa ni nzee, nyingine zimebaki asilimia 70. Fanyeni hesabu wenyewe: 82, toa moja ya tano, 65. Kijana mmoja, fundi wa kioo, aliichukua kwenda Likasi kwenye kilio. Alikuwa amesoma 200, akasema 120 ni karibu. Alipovuka peaji, pale pa kulipia barabara, alikuwa bado anasikiliza muziki. Baadaye akazima hewa ya ndani. Baadaye akazima redio. Baadaye akawa anakwenda kilometa 40 kwa saa na malori yanampigia honi. Lilizima mbele ya mama anayeuza makala ya kupikia kando ya barabara. Mama akamuuliza: "Esansi imeisha?" Akasema: "Hapana, umeme." Mama akamtazama, akasema: "Hata huku?"

Alifika kilioni siku ya pili, juu ya lori. Waliomcheka walikuwa wafiwa wenyewe.

Swali la tatu, na hili ndilo nitakalokaa nalo. Betri ina afya gani?

Nataka kukiri kosa mbele yenu. Mwalimu mmoja wa sekondari, mwanamke mwenye nidhamu, pesa amezikusanya miaka sita, aliniomba nikamwangalilie Leaf. Nilikwenda. Mnajua kwenye dashibodi ya Leaf, pembeni kulia, kuna vibao vidogo vimepangwa kama ngazi, kumi na viwili? Si vile virefu vya chaji. Vile vidogo kabisa vya nje. Hivyo ndivyo vinavyosema afya ya betri. Nikahesabu kumi na viwili. Nikamwambia, "Mwalimu, ni kama mpya, lipa." Akalipa. Baada ya wiki tano akaja garajini, hakusema neno, akafungua mlango, akanionyesha. Tisa.

Nilidhani gari limerogwa. Baadaye nikajifunza: kuna watu wanaifuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri. Kompyuta inaanza upya, inadhani betri ni changa, inawasha vibao vyote. Inachukua wiki kadhaa kuujua ukweli, na wakati huo muuzaji haonekani. Kosa lilikuwa la muuzaji, ndiyo. Lakini macho yaliyotazama yalikuwa yangu. Sikumdai mwalimu kitu tangu siku hiyo, na kila ninapoiona gari ile naangalia pembeni.

Tena hata bila udanganyifu, vibao kumi na viwili si ahadi. Cha kwanza hakizimi mpaka betri imepoteza kama asilimia 15. Kwa hiyo kumi na viwili inaweza kuwa asilimia 100, inaweza kuwa 86. Kwa macho huwezi kujua.

Sasa nafanya hivi. Chini ya usukani kuna tundu ambalo magari yote ya sasa yanalo, la kupimia kompyuta. Nachomeka kidude kidogo, kikubwa kama kiberiti, kinachozungumza na simu kwa Bluetooth. Kwenye simu nina programu iitwayo Leaf Spy. Inaonyesha afya kwa asilimia, na inaonyesha jozi 96 za seli, kila moja kama mlingoti mdogo. Hapo ndipo raha ilipo. Milingoti ikiwa imesimama sawa kama wanafunzi kwenye bendera, ni vizuri. Ukiona mmoja umechuchumaa, huyo ndiye atakayekusimamisha njiani, hata kama wengine 95 ni wazima. Halafu siishii hapo, kwa sababu asilimia inaweza kuwa imefutwa. Naliendesha. Natoka na chaji imejaa, nazunguka mjini, napanda na kushuka, naminya mguu kabisa, mpaka ibaki robo, huku naitazama ile milingoti. Seli mgonjwa inaweza kujificha ikiwa imeshiba, ikiona njaa inaanguka. Muuzaji akikataa usiliendeshe mpaka robo, mwambie aksanti, uondoke.

Nalala pia chini ya gari. Ndiyo, na shati hili hili. Betri iko tumboni, na tumbo liko chini. Barabara zetu mnazijua. Natafuta mikwaruzo, bati lililobonyea, boliti mpya mahali ambapo zote ni za zamani. Mvua haitishi, betri imefungwa vizuri. Jiwe ndilo linalotisha.

Hapa niseme neno juu ya dawa iliyo ndani ya betri, kwa sababu linatuhusu sisi kuliko mtu yeyote duniani. Kuna betri za nikeli, manganizi na kobalti. Kuna za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata chembe. Kobalti inayochimbwa duniani, karibu asilimia 70 inatoka hapa Kongo, Kolwezi na jirani zake. Kati yenu kuna walioipakia kwa mikono. Na BYD tangu 2020 betri yao ya visu, ndefu na nyembamba, ni ya chuma na fosfati. Magari mengi ya Kichina ya bei ya kati ni hivyo.

Kijana mmoja aliniambia, "Papa, sitanunua gari lisilo na kobalti yetu, ni kulisaliti taifa." Nikamwambia, mwanangu, kwa pesa yako mwenyewe, nunua chuma. Ni nzito kidogo kwa nguvu ile ile, lakini inavumilia kujazwa na kuisha mara nyingi zaidi, si nyepesi kushika moto, na inakubali kujazwa mpaka mia kwa mia bila kulalamika. Ile ya kobalti inapenda uishie 80 siku za kawaida. Na mtu anayeishi na umeme wa kuotea anataka nini? Ukija, ajaze yote! Kwa maisha yetu haya, chuma inatufaa. Kobalti tuwauzie wenye umeme usiokatika.

Leaf, kwa upande wake, haina maji ya kupoza betri, inategemea upepo tu. Wenyeji wa Phoenix, Marekani, walipiga kelele tangu 2012 kwamba joto linakula betri zake. Sisi tuko juu, mita 1,200 na zaidi, mwezi wa sita asubuhi tunavaa makoti. Hapa Leaf inaishi vizuri kuliko ingeishi Matadi. Hilo ni jambo jema la kijiografia, lichukueni.

Sasa lile swali lenu. Kijapani au Kichina?

La Kijapani usukani uko kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo ukitaka kulipita lori unamuuliza abiria. Skrini ni ya Kijapani na mara nyingi haibadiliki. Redio inakamata masafa ya kwao, nusu ya vituo vyetu huvisikii. Lakini mafundi wameshalizoea, vipuri vinapatikana hata vya kuvuliwa, na la mtumba bei yake inaongeleka. La Kichina usukani uko kushoto, pahali pake. Betri mara nyingi ni ya chuma. Lakini lile la soko la ndani la China tundu lake la kuchajia ni la Kichina, halikubali plagi ya Kijapani wala ya Ulaya. Tena linaweza kuja na lugha yao na garanti inayoishia mpakani mwao. Uliza kabla: waya wa kuchajia umo ndani ya buti? Usipokuwemo, bei ishuke.

Kwa hiyo mwenye mizunguko ya mjini na pesa ya kiasi, Leaf ya 40 iliyobaki zaidi ya asilimia 85, niliyoipima mimi au mwingine mwenye kidude. Mwenye pesa zaidi, la Kichina la chuma. Mfanyabiashara wa Kolwezi, kaa na esansi yako, au tafuta haibridi, ya esansi na umeme pamoja, kama Toyota Prius, na usione haya.

Na mkishanunua, mjue kitu kimoja kidogo. Papa mmoja wa Ruashi gari lake lilikataa kuwaka, giza kabisa, wiki tatu. Mafundi wawili walilifungua. Mmoja alitaka kukata zile nyaya za rangi ya chungwa aone kama umeme unapita. Asante Mungu alipata simu akatoka nje! Nyaya za chungwa zina volti karibu 400, mtu hakati mara mbili. Nilipofika nilifungua boneti, nikapima ile betri ndogo ya kawaida ya volti 12, kama ya gari lolote. Imekufa. Ile kubwa ilikuwa imejaa, lakini bila ndogo ya kumfungulia mlango, kubwa haitoki. Tukabadilisha, dakika kumi. Alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi.

Mama Prezida ananionyesha saa, na grupu nayo imeanza kubadilisha sauti. Nadhani mazutu yanakaribia kwisha.

Mama mmoja wa Katuba ameuliza kwa karatasi: nimeshatoa nusu ya pesa, nifanye nini? Mama, usitoe nusu ya pili. Jumamosi asubuhi garaji iko wazi, kidude kiko juu ya meza. Mwambie komisyonere alilete gari likiwa limejaa, na wewe njoo na picha ya kontera yako, ya ile prizi unayotaka kuitumia, na daftari la saa za umeme, hata kama ni la siku tano tu. Asipolileta, nitakusindikiza mwenyewe kwenda kudai nusu ile.